Fremu ya Mti wa Ngazi

Katika Mji ule, kisicho na fremu hakionekani. Msiniulize kwa nini, maana hata wenyewe wa Mji hawakupata kuuliza. Jicho la mtu wa pale limezoea ukingo. Lipe mlango, litamwona aliyesimama mlangoni. Lipe dirisha, litamwona anayechungulia. Lipe mtu mzima katikati ya uwanja mtupu, litateleza na kupita kana kwamba hapana kitu. Ndiyo maana wakubwa wa Mji hawahutubii ila dirishani. Na ndiyo maana wanyonge wa Mji husikika tu, wakikohoa, wakinadi vitu vyao, wakiomba njia. Mpita njia akiparazwa na mmoja wao hujipangusa bega, akaendelea na safari yake.

Zaituni alikuwa mmoja wa hao wasioonekana, na alizaliwa na mmoja wao, na wala asikudanganye mtu kwamba alilionea haya jambo hilo. Aliliringia. Mama yake, Mize binti Faki, alikuwa mpakaji chokaa. Kila mvua zilipokwisha, ngazi begani na ndoo mkononi, alikwenda kuupaka Ukumbi Mkuu, lile jengo refu ambamo Mji hutundika picha za watu unaokubali kwamba waliwahi kuishi. Ukuta uling'aa, watu wakapita. Wapo walioamini kuwa ukuta ule hujitakatisha wenyewe kwa heshima ya waliomo ndani. Walipojigonga kwenye ngazi, waliilaumu ngazi.

Zaituni peke yake ndiye aliyemwona Mize, na alimwona kwa sababu ya ngazi hiyohiyo. Alipokuwa mdogo alipenda kuketi nyuma yake, baina ya ngazi na ukuta, akatazama juu. Kati ya kipago na kipago, yaani zile fito za kukanyagia, palikuwa na nafasi ya pembe nne, na ndani ya nafasi hiyo ndimo mama alimokuwemo. Leo kisigino. Kesho mkono na brashi. Siku nyingine uso mzima, unainama kumwuliza kama ameshakula. Mtoto yule alimjua mama yake kwa vipande, na kwa vipande hivyo akampenda kupita kiasi.

Siku moja ngazi ilikutwa imeegemea ukuta na juu yake hapana mtu. Mji haukulia, kwa kuwa Mji haukupotelewa na chochote. Zaituni alilia peke yake, akalia mpaka sauti ikamkauka, kisha akajitwika ngazi akarudi nayo nyumbani. Kuanzia hapo akawa mchoraji. Alichora picha moja tu maishani, juu ya ubao mwembamba: Mize juu ya ngazi, mgongo kwa watazamaji, mkono umenyanyuka, brashi imeugusa weupe. Aliianza akiwa msichana, akaimaliza akiwa mtu mzima, na baadhi ya siku aliamka akajikuta msichana tena na picha imekwisha. Miaka ya Mji ule haipangi foleni.

Alitaka jambo moja tu. Alitaka Mize atundikwe ndani ya Ukumbi alioupaka, aonekane na kila mwenye macho. Hapo pangehitajika fremu, na katika Mji ule ukisema fremu umemsema Fundi Machano.

*

"Shikamoo, fundi," alisema Zaituni, naye akabaki kizingitini. Angeingia ndani fundi asingemwona.

"Marahaba, mwanangu. Umemfuata nani?"

"Fundi Machano."

"Ndiye mimi. Nilijua, ila napenda kusikia watu wakilitaja jina langu."

Alikuwa mzee wa ndevu nyeupe pepe, amekaa kwenye mkeka katikati ya maranda ya mbao, na nyuma yake zimeegemezwa fremu tupu za kila kimo. Hakuwa mnyenyekevu, na sidhani kama alipaswa kuwa. Mikono ile ilikuwa imewafanya watu waonekane, wake kwa waume, tangu kabla hajazaliwa aliyeko kizingitini. Aliitazama picha mara moja tu, kisha akageuza macho kwenye ngazi aliyokuwa ameibeba Zaituni.

"Na hiyo?"

"Huo ndio mti wenyewe. Fremu itoke humu."

Mzee alicheka mpaka akashika ubavu. "Nina mninga hapa, mwanangu. Nina mvule. Nina msaji ambao ukiugonga unakuitikia. Wewe unaniletea ngazi iliyoliwa na mchwa."

"Vipago vitatu bado vizima, na miti miwili ya pembeni. Yatosha."

"Yatosha kukokea moto."

"Mama yangu alisimama juu yake maisha yake yote, fundi. Mninga wako umemsimamisha nani?"

Mzee akaacha kucheka. Alimtazama vizuri zaidi, kama mtu aliyepata mpinzani wa kucheza naye bao, na nadhani alifurahi. Akasema basi, atautumia huo mti wa ngazi ili watu wajue kuwa Machano anaweza hata hilo. Kisha akaeleza atakachochonga: mnyororo. Mnyororo kuzunguka pande zote nne, kila pete imeshika mwenzake, pasipo mahali pa kukatika.

"Mama yangu hakufungwa," alisema Zaituni.

"Nani kasema alifungwa? Mnyororo ni ruhusa. Kila fremu iliyomo Ukumbini inao, ili anayeonekana akumbuke nani kamruhusu kuonekana. Usipokuwepo, mlangoni hawapokei. Mimi sijapata kurudishiwa kazi mlangoni, na sitaanza na yako."

Maneno hayo yalimwingia Zaituni yakakaa. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiyazungusha. Nani kamruhusu. Kama picha haipo mpaka ipate fremu, na fremu haipiti mpaka ipate mnyororo, basi aliyeuvumbua mnyororo ndiye aliyewaumba watu wote wa Ukumbini? Na yeye, huyo aliyeuvumbua, alionekana ndani ya fremu ya nani? Lazima palikuwa na wa kwanza. Lazima alisimama mtu mahali patupu, hana mlango, hana dirisha, hana pete hata moja, na akaonekana. Au hakuonekana, akakasirika, na hasira yake ndiyo ikawa kanuni. Na je, mama? Mama hakuruhusiwa na mtu. Alipanda. Alipaka. Alishuka. Alikula muhogo. Alicheka kwa pua. Yote hayo yalikuwa, yalikuwa kabisa, na hapakuwa na pete pembeni yake. Mimi niliyaona, alijiambia Zaituni, na mimi si mtu mdogo.

Hata hivyo alikuwa ameiacha ngazi kule. Alimwambia mzee aanze na mti, habari ya mnyororo watazungumza. Kosa lake lilikuwa hapo.

*

Aliporudi, mlango ulifunguliwa na mwanamume wa rika lake, ndevu nyeusi, kifua kipana.

"Habari za tangu juzi, bi dada."

"Njema, fundi. Za kwako?"

Waliamkiana hivyo, sawa kwa sawa, kwa kuwa hapakuwa na mkubwa wa kupewa shikamoo. Alikuwa Machano yuleyule, kovu la patasi kidoleni lilelile, ila uzee ulikuwa umemtoka. Zaituni hakushangaa. Kilichomshtua kilikuwa sakafuni.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake, kongwe kuliko fundi mwenyewe: mti wowote ukivuka kizingiti, hupigwa randa kwanza, kabla mtu hajauliza umetoka wapi. Mti unavuliwa, husema mafundi wa pale, uanze upya. Kwa Machano randa ilikuwa sawa na kunawa mikono kabla ya kula. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa amekichukua kipago kimoja katika vile vitatu, akakipiga randa mpaka kikawa laini, kinang'aa, kimenyooka kama rula. Na maranda yake yalikuwa yamejikunja pale chini.

Zaituni alisahau kwamba haonekani ndani. Aliingia, akapiga magoti, akaanza kuyaokota yale maranda.

"Uko wapi?" aliuliza fundi, akiangaza huku na huku. "Bi dada?"

"Niko chini hapa, namwokota mama yangu. Unajua ulichofanya, fundi? Hapa katikati palikuwa na shimo. Dogo, la kina cha ukucha. Lilitokana na mguu wake. Alikanyaga hapa kila siku, mti ukaenda ukiisha taratibu, ukachukua umbo la unyayo wake. Katika Mji mzima hana alama nyingine ila mashimo ya vipago hivi, na wewe moja umelilaza sakafuni."

Kisha sauti ya fundi, ya ubishi bado: "Mti ukiingia kwangu unavuliwa. Kila mtu anajua."

"Basi vua kiatu."

"Nini?"

"Vua kiatu. Hivi hapa vipago viwili vilivyobaki. Kanyaga."

Alikanyaga. Jitu zima lile, bingwa wa fremu, liliweka mguu kwenye kipago cha mpakaji chokaa, na mguu haukutosha. Ulikuwa mkubwa mno kwa shimo lile. Alihisi kwa wayo wa mguu wake mahali kidole gumba cha mtu mwingine kilipozoea kukaza, na pembeni yake pale vidole vidogo vilipojishika upepo ulipovuma. Aliutoa mguu kwa uangalifu.

"Huu uchongaji," alisema hatimaye, "siuwezi."

"Najua huuwezi. Ndiyo maana nakuomba usiuguse. Uviunge tu. Huku kipago, huku kipago, miti miwili ya pembeni, basi."

"Bila mnyororo?"

"Bila mnyororo."

Alikuna ndevu zake. Nataka mjue kwamba alijaribu. Alishika mti, akaupima, akauweka chini, akaushika tena, na kila alipoushika mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye patasi ya kuchongea pete. "Siwezi," alisema kwa uchungu wa kweli. "Mkono wangu umeshaujua mnyororo. Nikianza kuchonga utakuja tu, nikitaka nisitake. Na nikizuia, watu watasema Machano kaishiwa. Nina jina, bi dada. Jina hili nimelitolea jasho."

Zaituni alisimama, maranda kifuani. Angeweza kukasirika, lakini alimwelewa mno. Na yeye alikuwa na jina, lile la mama yake, na asingelipunguza hata kidogo kwa ajili ya mtu.

"Usijisumbue, fundi. Nitarudi siku ambayo bado hujaujua."

*

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kijana aliyesimama mbele yake alikuwa na ndevu za kuhesabika, na kidole chake hakikuwa na kovu. Kwenye karakana palikuwa na msumeno mmoja, patasi moja, na fahari isiyo na kifani. Fremu za kila kimo hazikuwepo bado. Zaituni alikuwa na mvi sasa, na goti la kushoto lilimlalamikia, lakini alijinyoosha kizingitini, maana mtu anayepewa shikamoo hana budi kuonekana anaistahili.

Vile vipago viwili na miti miwili vilikuwa pale pembeni. Kijana hakujua vimefikaje. "Nimevikuta," alisema. "Sijavipiga randa. Randa yenyewe sina."

"Mnyororo waujua?"

"Nimeusikia tu. Fundi mkuu kasema ataniingiza kwenye mnyororo mavuno yakipita. Ila kuunga mti najua, mama. Kuunga najua kuliko wote wa rika langu, waulize."

"Sina haja ya kuwauliza. Niungie."

Akaunga. Alikata ncha ya mti ikawa ulimi, akatoboa mti mwingine ukawa na tundu, akauingiza ulimi tunduni kwa kuupapasa, si kwa kuupigapiga. Hakutia msumari hata mmoja, kwa sababu moja tu: hakuwa na misumari. Mahali pa picha alitia vijiti vinne vya kuzungusha, unavizungusha hivi inakaa, unavizungusha vile inatoka. Machano mzee asingefanya hivyo katu, fremu yake ikishashika picha ilikuwa haiachii. Kijana alifanya alichokiweza, na alichokiweza kilikuwa kizuri. Pembe zilikutana pasipo kupitisha hata unywele. Zaituni aliitazama kazi ile, moyo ukamjaa.

"Ingia uone vizuri, mama."

"Nikiingia hutaniona."

Kijana aliinyanyua fremu kabla hajaitia picha, akamwelekezea. Zaituni alivuka kizingiti taratibu. Na kijana, akitazama katikati ya vipago viwili, aliendelea kumwona: mvi, makunyanzi, kidevu kilichonyanyuka. Wakatazamana hivyo, Machano ambaye bado hajawa Machano na mwanamke aliyekwisha kumjua kijana huyo akiwa mzee.

"Utawaambia nimeifanya mimi?" aliuliza kijana.

"Nitawaambia ni wewe. Na usikimbilie mavuno."

*

Mlango wa Ukumbi Mkuu ulilindwa na Kombo, mtu mrefu aliyekesha na kushinda macho yake yamefungwa. Ndivyo ilivyotakiwa. Mlinzi haruhusiwi kuiona picha kabla Ukumbi haujaikubali, kwa hiyo hupapasa fremu, na vidole vikiukuta mnyororo hufungua mlango.

Alipapasa mti wa kushoto. Akapapasa wa kulia. Akapitisha vidole kwenye kipago cha juu, na kidole gumba chake kikaingia shimoni, kikatulia.

"Huu si mnyororo."

"Si mnyororo."

"Ni nini basi?"

"Unyayo wa aliyemo ndani."

Kombo hakukitoa kidole mara moja. Lakini alikitoa. "Kanuni inataka mnyororo, mama. Hapa ndani haiingii bila huo."

"Hapa ndani. Na hapo nje?"

"Nje hapana kanuni. Nje hapana anayetazama."

Zaituni alikuwa amekuja akiwa tayari kugombana, ana maneno amejiandalia njia nzima, na yote yakamtoka. Alisimama pale ngazi za mlango zinapoishia, na picha yake, na fremu yake, na umri wake. Basi ndiyo imekwisha? Mama atarudi tena nyumbani, ataegemezwa tena ukutani, uso kwenye weupe? Akaukodolea macho ukuta wa Ukumbi. Ulikuwa mweupe. Macho yake yakateleza. Yakarudi. Yakateleza tena.

Ndipo alipocheka kwa pua, vilevile alivyocheka mama yake.

Alizungusha vijiti vinne, akaitoa picha, akaiweka kwenye ngazi za mlango. Akainyanyua fremu tupu kwa mikono miwili, akaiegemeza juu ya ukuta, hapohapo barazani, mbele ya watu.

Wa kwanza kusimama alikuwa mwuza vitumbua na sinia lake. Alisimama ghafla hata vitumbua vikadondoka. Ndani ya fremu palikuwa na mistari ya brashi, inapanda na kushuka, na mahali mkono ulipochoka mstari ulilegea, kisha ukakazwa tena. Palikuwa na tone la chokaa lililotaka kuteremka likazuiwa kwa kidole, na alama ya kidole bado ipo. Palikuwa na tabaka juu ya tabaka, mwaka juu ya mwaka.

"Kazi ya nani hii?" aliuliza hewani, maana hakumwona aliyeishika fremu.

"Ya Mize binti Faki," sauti ilimjibu. "Na fremu kaiunga Machano."

Zaituni akasogeza fremu hatua moja. Mama mwenye mtoto mgongoni akasimama. "Na hii je?"

"Ya Mize binti Faki."

Akasogeza tena. Watu wakafuata. Kila fremu ilipotua palikuwa na picha, na kila picha ilikuwa ya mkono uleule. Wakauliza pembeni mwa dirisha, wakauliza chini ya paa, wakauliza kwenye kona wanapokojoa walevi, na jibu likawa lilelile. Zaituni alichoka lakini hakuishusha fremu. Aliwazungusha jengo zima, na mwisho hapakuwa tena na anayeuliza. Walikuwa wakilitaja jina wenyewe.

"Wanatazama nini?" aliuliza Kombo pale mlangoni, macho yamefumbwa.

"Fumbua."

"Siruhusiwi."

"Na mimi sikuruhusiwa, mwanangu."

Kombo alifumbua. Alitazama ndani ya fremu kwa muda mrefu. Kisha akageuka akautazama mlango wake. "Na ukuta wa ndani? Ule ulio nyuma ya picha zote zile. Nao ni wake?"

"Ulidhani nani kaupaka?"

Aliingia, akauacha mlango wazi. Baada ya kitambo watu waliokuwa nje walisikia picha ya kwanza ikitolewa msumarini na kuwekwa sakafuni, mnyororo na vyote. Kisha ya pili.

Zaituni alikaa barazani, mbali na mlango, fremu pajani, akaegemea ukuta kupumzisha mgongo. Hakuwa na haraka. Mwuza vitumbua alimpitia karibu, akasita, akamwinamia.

"Mama, umejipaka chokaa mgongoni."

Zaituni alimtazama. Mkono wa kulia hapakuwa na mlango, mkono wa kushoto hapakuwa na dirisha, na fremu alikuwa ameilaza.

"Najua," alisema, na hakujipangusa.